Mama Mkwe na Picha Zilizochelewa

Kanisa letu lilikuwa limejaa mpaka watu wakawa wanasikilizia mahubiri uani, wamekaa juu ya mawe ya volkano, mtoto mgongoni na mwavuli mkononi. Kamati ikaamua kufungua chumba kirefu kilichopakana na sale kubwa, yaani ukumbi wa ibada, ambacho zamani kilikuwa ghala la saruji na viti vibovu. Tukakiita aneksi. Kilikuwa na bati zuri na sakafu safi, ila ukuta mnene wa mawe meusi ulikitenga na madhabahu, na aliyekaa humo hakuona kitu. Ndiyo maana wakaniita mimi.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Hapa Goma watu wanaoa hata mambo yakiwa magumu, tena yakiwa magumu ndipo wanaoa kwa kelele zaidi, kwa hiyo sijawahi kukosa kazi. Nilikuwa nimezoea kuunganisha kamera mbili na ekrani moja kubwa ili wageni wa nyuma waone keki ikikatwa. Aneksi niliiona kama harusi ya kila Jumapili, tofauti ikiwa tu kwamba hakuna keki.

Mama mkwe wangu hakuiheshimu sana kazi hiyo. Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Masisi kuja kukaa nasi mtaa wa Majengo baada ya baba mkwe kufariki, na alikuwa mwanamke aliyelelewa kati ya ng'ombe, mrefu, mnyamavu, mwenye macho yanayocheka wakati mdomo umefungwa. Jirani akimuuliza nafanya nini, alijibu, "Mukazana wangu anakamata batu kivuli." Mbele yangu hakusema neno baya hata moja. Alikuwa akiangalia tu kamera zangu mezani, kisha akiniangalia mimi, kisha akiomba chumvi.

Basi nikaanza kuunganisha. Kamera mbili zilipeleka picha kwenye kisanduku cha kuchagua, ambapo nilibonyeza ni ipi ionekane. Kutoka hapo picha zikaingia katika kisanduku cha pili, kazi yake kuzibana ziwe ndogo, zipite katika kebo ndefu mpaka aneksi. Kule kompyuta ilizifungua tena moja moja na kuzitupia projekta, pamoja na sauti yake, ili midomo na maneno viende sawa. Kisanduku cha kubana nilikiagiza Kampala, nikaenda kukipokea mpakani Bunagana, ambako mtu wa duane, mkagua mizigo, alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki kinafanya nini, mama?"

"Kinabana picha."

"Kinabana picha ya nani?"

"Ya muchungaji, papa."

Alinitazama kwa huruma na kuniruhusu nipite.

Fundi wa kutoboa ukuta alikuja na nyundo na hasira. Nilimwomba tundu la kupitisha kebo moja, nene kama kidole. Jiwe la volkano likaamua vinginevyo, likapasuka, na tukapata tundu la kupitisha paka. Kebo ikaning'inia katikati yake kama kamba ya kisima. Fundi akasema atarudi kuliziba. Hajarudi mpaka leo.

Aneksi ilipata watu wake haraka. Walikuja mama wenye watoto wachanga, waliochelewa, wenye biashara wanaotaka kutoka upesi, na mama mkwe wangu. Huyu hakuwa na mtoto wala biashara, lakini alidai kwamba katika sale kubwa wazee wenzake wanaimba kwa sauti ya chini mno, wanamsinzisha. Akachagua mwisho wa benchi, ukutani, chini ya kebo yangu.

Jumapili za kwanza zilikwenda vizuri, au nilidhani hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa mezani kwangu pembeni mwa sale kubwa na sikuona ya ng'ambo. Ndipo muzee wa utaratibu, shemasi mwembamba anayesimamia milango, viti na chai, akanijia uso umekunjamana.

"Mama wa mashini, batu ya aneksi bananung'unika. Sisi tunamaliza, tunatoka, tunakunywa chai. Bao bangali banaomba."

"Bangali banaomba nini?"

"Maombi yetu ya zamani! Bakitoka, mandazi imeisha."

Jumapili iliyofuata nikamwachia kijana wa kwaya kamera, nikaenda kukaa nyuma kabisa aneksi. Mara moja nikaelewa kosa liko wapi. Kompyuta ya kule ilikuwa zawadi ya muumini aliyenunua mpya, yaani ilikuwa imezeeka. Kisanduku cha kubana kilituma picha kwa mbio, nayo ilizifungua polepole kama mtu anayemenya ndizi zenye utomvu. Zilizofika kabla ya wakati wake zilipanga foleni. Wimbo wa kwanza ulichelewa kidogo tu, lakini foleni iliendelea kukua, na kufikia mahubiri, aneksi ilikuwa inaishi katika muda mwingine kabisa. Na kosa lilikuwa langu la kazi. Katika harusi sipotezi picha hata moja, maana ukipoteza ile ambayo shangazi wa bwana arusi anacheza, shangazi huyo atakutafuta nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nilikuwa nimeviagiza visanduku vyote visitupe kitu, na sikuvipa njia ya kuambiana "ngoja, nimejaa".

Nilikuwa nikiwaza dawa yake niliposikia mama wawili mbele yangu wakinong'onezana.

"Nyamaza. Bibi anataka kusema."

Bibi alikuwa mama mkwe. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiegemeza ukutani, kitenge kimemfunika mpaka sikioni.

"Mutoto atalia," akasema taratibu. "Atalia sana. Mama yake atatoka naye."

Kwenye ekrani mchungaji alikuwa anaendelea na mambo ya Yona, hakuna mtoto wala kilio. Tukangoja. Ghafla kutoka kwenye spika mtoto akapasua hewa kwa kilio, mchungaji akanyamaza, na sauti ya mlango ikasikika ikifungwa. Benchi zima likapumua pamoja. Mama mmoja akatikisa kichwa akasema, "Eh, Yesu."

"Sasa kinanda kitakosea," akasema mama mkwe.

Kinanda kikakosea.

"Sasa muchungaji atasema mambo ya bei ya maharagi."

Mchungaji akaacha samaki wa Yona akaingia maharagi.

Mimi nilikaa pale nimeshika mdomo kwa mkono. Watu walikuwa wameacha kumwangalia mchungaji, wanamwangalia yeye. Msichana mmoja, mwenye mzaha, akamwinamia.

"Bibi, na ule muzee mwenye kusoma matangazo, amevaa kravati ya rangi gani leo?"

Mama mkwe hakufumbua macho. "Roho haangalie makravati, mutoto."

Hapo ndipo nikajua. Mambo yote aliyotabiri yalikuwa mambo ya kusikika. Hakutabiri hata moja la kuonekana kwa macho tu. Watu walipotoka nikabaki nikijifanya nakagua kebo, nikasogea mpaka mwisho wa benchi. Tundu la paka lilikuwa limezibwa vizuri kwa kitambaa, na kitambaa kile kilikuwa na ndege wa njano, ndege walewale waliokuwa kwenye kitenge chake. Nikakivuta. Sauti ya muzee wa utaratibu akigombana na watoto juu ya viti katika sale kubwa ikaniingia sikioni safi kabisa, kana kwamba amesimama kando yangu. Nikakirudisha kama nilivyokikuta.

Sasa mkwe na mama mkwe katika familia zetu hawaambiani mambo hivihivi. Jina lake silitaji, wala yeye langu. Siwezi kumwambia, "Mama, unadanganya kanisa." Usiku ule nikampakulia maharagi na kusema, nikiangalia sufuria:

"Mama, pale ukutani mugongo hauingiliwe na baridi?"

"Ule ukuta uko na joto."

"Naona kuna tundu."

"Tundu kidogo," akasema. "Hewa inapita. Mutu ya miaka yangu anahitaji hewa."

"Hewa peke yake?"

Akanitazama kwa yale macho yake yanayocheka. "Maharagi yako leo imeiva," akasema, na huo ulikuwa ndio mwisho wa mazungumzo. Mume wangu, ambaye hajawahi kujua linalotendeka nyumbani kwake, akaomba aongezewe.

Ningeweza kurekebisha mashini wiki ileile. Nilimwambia muzee wa utaratibu kwamba inahitaji uchunguzi, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu nilitaka sana kuchunguza mama mkwe atafika wapi.

Alifika mbali kuliko alivyotaka. Habari zikatoka aneksi zikaingia mitaani, na watu wakaanza kugonga mlango wetu Majengo. Alikuja mke wa dereva wa lori kuuliza kama mume wake atarudi kutoka Bunagana siku ya Ijumaa. Mama mkwe akamwuliza lori linabeba nini, barabara ikoje, na mvua inanyesha wapi, kisha akasema, "Jumamosi. Atakuja na njaa." Dereva akarudi Jumamosi, na njaa. Alikuja kijana anayetaka kujua kama atafaulu mitihani ya serikali. "Umesoma?" akamwuliza. Kijana akaangalia chini. "Basi unajua kunishinda," akasema mama mkwe. Zawadi alizikataa zote, mpaka siku mke wa dereva alipoleta jogoo, akamwachilia uani na kukimbia kabla hajarudishiwa. Jogoo yule aliwika muda wote isipokuwa alfajiri. Alikaa juu ya boksi langu la kamera na kulichafua.

Niliona mama mkwe ameanza kuchoka. Utani wa benchi moja ulikuwa umekuwa kazi ya mtaa mzima. Siku moja mwanamke alikuja kuulizia mtoto mgonjwa, na mama mkwe akasimama palepale akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, akavaa viatu akaenda naye, na aliporudi hakula. Mtoto alipona. Lakini usiku ule mama mkwe aliniuliza, jambo ambalo hakuwahi kufanya, kitu kuhusu kazi yangu.

"Ile mashini yako ya kanisa. Itachelewa hivi mpaka lini?"

"Mpaka nitengeneze, Mama."

"Na ni ngumu?"

"Si ngumu sana."

Akaendelea kuchambua mchele usiokuwa na mawe.

Jambo lingeishia hapo kimyakimya kama si mama wa makala. Huyu ni mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, anayetoka Kibati kila Jumapili kwa pikipiki, na wiki nzima huuza makala, yaani mkaa, sokoni. Alikuwa ndiye peke yake katika aneksi ambaye hakushangaa. Kila utabiri ulipotimia aligeuka kuangalia watu, si ekrani, kama mtu anayetafuta mwizi sokoni. Jumapili moja, uani, kikombe mkononi, mbele ya kila mtu, akasema:

"Bibi, Jumapili inayokuja tuko na mugeni. Muhubiri mukubwa. Mbele afungue kinywa, weye utuambie neno yake ya kwanza. Na usiniambie 'Bwana asifiwe', ile hata makala yangu inajua."

Watu wakacheka. Mama mkwe akanywa chai yake mpaka mwisho.

"Sawa," akasema.

Muzee wa utaratibu naye alikuwa amesikia habari za mgeni, akanishika mkono pembeni. "Mama wa mashini, uchunguzi imetosha. Mugeni hawezi kuona aneksi inabaki inaimba wakati yeye anakula."

Kwa hiyo Jumamosi mchana nikaenda kanisani na kutengeneza. Niliipa kompyuta ya aneksi njia ya kusema "nimejaa", na kisanduku cha kubana nikakifundisha kusikia, kipunguze mbio kikiambiwa. Na zile picha zilizozeeka kwenye foleni nikaamuru zitupwe, ya shangazi ikiwemo. Nikaunganisha pia kompyuta yangu ndogo ili kutoka mezani kwangu niweze kuongeza au kupunguza foleni nitakavyo. Nikapiga makofi mbele ya kamera, nikakimbia aneksi. Kijana wa kwaya, niliyemweka kule asikilize, akasema makofi yalifika pamoja nami, hata mbele yangu. Nilijivuna sana. Nikarudi nyumbani nikapika ndizi.

"Mama," nikasema nikimpa sahani, "kesho picha haitachelewa. Itafika kama pumzi."

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. "Kama pumzi?"

"Ndiyo, Mama."

Mume wangu alikuwa anaongea na simu. Jogoo alikuwa anawika. Mama mkwe akaweka ndizi moja mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu kama nyama ngumu.

"Ni vizuri," akasema mwishowe. "Mimi sina neno. Tu ule mama wa makala iko na mudomo." Akafuta mkono. "Ile mashini inaweza kuchelewa tena kidogo? Hata mara moja? Si lazima. Nauliza tu namna inafanya kazi."

"Inaweza, Mama."

"Ah," akasema. "Teknolojia."

Ukituuliza leo, sote wawili tutakuambia hatukupatana kitu.

Jumapili sale kubwa ilipambwa kama ya harusi. Vijana walikuwa wamezungushia mimbari maua mengi mpaka mtu asiyekuwa mrefu angepotea humo. Mgeni alikuwa mfupi, mnene kiasi, na suti ya rangi ya anga. Wakati kwaya inamalizia wimbo wa kumkaribisha na watu wote wamesimama, nikaweka kidole kwenye kompyuta yangu ndogo na kuongeza foleni ya aneksi. Si nyingi. Kiasi cha mtu kusikia jambo, kisha kulisema bila kukimbia.

Mgeni akapanda, akashika mikrofoni, akavuta pumzi ya kusalimia kanisa, na maua yakamwingia puani. Alipiga chafya iliyotikisa spika. Akaomba radhi kwa mkono, akavuta pumzi tena, akapiga ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Sale kubwa tulitazama viatu vyetu kwa heshima. Ndipo akasema, "Bwana asifiwe. Ndugu zangu, ketini." Tukaketi.

Yaliyotokea aneksi niliambiwa na watu wengi, kila mmoja na chumvi yake, lakini wote wanakubaliana juu ya jambo hili: mgeni alikuwa bado anapanda ngazi kwenye ekrani mama wa makala alipogeuka na kusema, "Haya, bibi." Naye mama mkwe, macho kayafumba, sikio ukutani, akakunja uso kidogo kama mtu asiyeamini bahati yake, akasema:

"Hatasema neno. Atapiga chafya. Mara mbili. Ya pili itakuwa mubaya."

Mama wa makala alikuwa amefungua mdomo wa kucheka. Ukabaki wazi. Sisi wa upande wa pili tukasikia vigelegele vikipasuka ng'ambo ya ukuta, miguu ikipigwa sakafuni, mtu akipiga ngoma ambayo haikupaswa kupigwa. Mgeni, aliyekuwa ndio kwanza anafungua Biblia, akatabasamu kuelekea aneksi na kuinua mkono. Alidhani wamefurahia salamu yake.

Nilijua kazi imekwisha. Nikabonyeza, foleni ikatupwa, na aneksi ikarudi kuishi muda mmoja na sisi. Nilikuwa nimefikiri vizuri juu ya kila kitu isipokuwa kilichokuwa ndani ya picha nilizotupa. Ndani yake mlikuwa na "Bwana asifiwe" na "ketini".

Kwa watu wa aneksi, mgeni alipiga chafya ya pili na papo hapo akawa anasoma Neno, kidole juu ya ukurasa. Hakuna aliyewaambia waketi. Na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi Neno likisomwa, hasa baada ya muujiza waliouona. Wakabaki wamesimama. Mgeni akasoma, akafunga Biblia, akaanza kuhubiri, wao wamesimama tu, watoto mgongoni, wazee wameshikilia migongo ya viti.

Muzee wa utaratibu alipita mlangoni kuhesabu viti akawakuta hivyo. Aliguswa mpaka ndani. Akaja kwa ncha za vidole mpaka kwa mchungaji wetu, akamnong'oneza. Mchungaji akaangalia ukuta, akatuangalia sisi tuliojilaza kwenye viti, na uso wake ukabadilika. Akasimama, akamwomba mgeni ruhusa kidogo.

"Ndugu zangu," akasema, "ku aneksi, mama wenye watoto, wazee, bote basimama kwa heshima ya Neno. Sisi hapa, kwenye viti vizuri, tunafanya nini?"

Sale nzima ikanyanyuka kwa aibu. Mimi pia nilinyanyuka, na nilikuwa ninauma ndani ya shavu langu mpaka nikaonja damu.

Lakini ukuta una tundu. Mama mkwe alisikia mgeni alipokuwa akisema ketini, akangoja neno hilo lifike kwenye ekrani, halikuja. Akangoja tena. Magoti yake hayakuwa ya kungoja hivyo. Mwishowe akasema kwa sauti, bila kufumba macho mara hii, "Alisha kusema tuikale. Zamani," akaketi. Aneksi nzima ikamtii papo hapo, kwa kelele ya mabenchi yanayosukumwa, wakati uleule mchungaji wetu alipokuwa anatusimamisha. Muzee wa utaratibu alikimbia kwenda kuangalia mfano wetu mzuri, akawakuta wote wameketi, mama wa makala akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Akarudi. Akasimama katikati ya mlango, hajui awashitaki kina nani.

Mgeni, akiona kanisa zima limesimama mbele yake na linamkodolea macho, alidhani tumechoka naye. Alifupisha. Yalikuwa mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kupigia video, na wengi walisema yalikuwa mazuri kuliko yote. Aneksi na sale kubwa tulitoka pamoja, na chai ilikuwa bado inachemka.

Uani mama wa makala akamfuata mama mkwe moja kwa moja. Watu wakajipanga kuzunguka.

"Chafya nakubali," akasema. "Hata ile ya pili mubaya. Lakini elezea mimi hii ingine. Juu ya nini ulitabiri tuikale wakati yeye alisha kusema?"

Mama mkwe akapuliza chai yake. Nilikuwa karibu, na sikujua angetoka vipi, kwa sababu mimi ndiye niliyemtia humo.

"Naona imebadilika," akasema kwa huzuni kubwa. "Kuanzia leo Mungu ananionyesha ya nyuma tu."

"Ya nyuma?"

"Ya nyuma. Ile imekwisha kupita."

Mama wa makala akamwangalia, kisha kifua chake kikaanza kutikisika, kisha mabega, na akacheka mpaka akalazimika kumshika mama mkwe mkono ili asianguke. "Bibi," akasema akifuta machozi, "ile, hata mimi naionaka." Nadhani alielewa kitu. Hakuuliza tena, na tangu siku ile mama mkwe akitaka makala, anapata gunia lililojaa mpaka juu.

Watu wakaacha kugonga mlango wetu, kwa kuwa hakuna anayemhitaji mtu wa kumwambia ya jana. Mama mkwe alimchinja jogoo Jumatatu kwa mkono wake, akampika na ndizi, na akanipa paja, ambalo siku zote ni la mume wangu. Mume wangu akauliza kuna sikukuu gani. Tukamwambia hakuna.

Wiki iliyofuata, nikiwa nafunga nyaya zangu kwenye boksi, akaja akasimama mlangoni, amevaa kitenge kipya.

"Ku aneksi siendi tena. Sasa mashini iko sawa, kule ni uchovu."

"Utakaa wapi, Mama?"

"Ku sale kubwa. Mbele. Mbele ya kamera yako ya pili." Akanyoosha kitambaa cha kichwa, akafikiri. "Na ukinikamata kivuli, unikamate upande huu. Huku kwingine kuko na jino mubaya."

Nilimwambia ndiyo, Mama. Jumapili kwaya ilipoanza, nikabonyeza kamera ya pili, na aneksi nzima ikamwona, upande wa kushoto, amefunga mdomo, macho yakicheka, amejaza ekrani. Nikamwacha pale mpaka ubeti wa tatu. Muzee wa utaratibu akaja kuniuliza kama mashini imekwama.

"Hapana, papa," nikamjibu. "Bado naichunguza."